Tinti Mpya: Wiki Moja Bila Kushusha Kioo

Gari likiwekwa tinti mtaani kwetu, hapa Singida mjini, maneno hayakosekani. Mara "bosi", mara "mheshimiwa", mara "siku hizi hamtaki kusalimiwa". Sisi tuliyapata yote ndani ya siku mbili, na gari lenyewe ni Corolla ya zamani ambayo kiyoyozi chake kilishakufa siku nyingi. Basi, mpenzi msomaji, ngoja nikwambie kwa nini tuliiweka, halafu nikwambie inavyotunzwa, maana kwenye kutunza ndipo pesa za wengi zinapopotelea.

Binti yetu ana miaka sita na ana ualbino. Anayeijua Singida anajua jua la hapa. Tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, miti ya kuhesabu, mawe makubwa kila upande, na kiangazi kikikolea wingu ni la kutafuta kwa tochi. Kofia anayo, mikono mirefu anavaa, losheni ya kuzuia jua anapakwa kila asubuhi. Si urembo huo. Saratani ya ngozi inawaondoa mapema watu wengi wenye ualbino hapa nchini, na inaanza na jua la kila siku.

Sasa watu wengi hudhani ukishaingia ndani ya gari jua halina neno. Daktari wa ngozi alitueleza vizuri. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizoshikwa na plastiki katikati, kwa hiyo kinazuia karibu yote ile mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Vioo vya pembeni kwenye magari mengi ni vya aina nyingine, na mionzi inayopenya ndani ya ngozi inapita kwa wingi tu. Mtoto anakaa nyuma, shavu dirishani, na kutoka hapa hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Kwenye kuweka tinti tulikubaliana mara moja, mimi na mume wangu. Kwenye weusi wake ndipo tulipogombana. Karatasi za tinti huja na namba, 5, 20, 35, 50, 70, na namba hiyo ni asilimia ya mwanga unaopita. Mume wangu alitaka 5, nyeusi tii. Ana sababu zake. Ile miaka ya 2007 hadi 2009, habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilipokuwa kwenye magazeti kila wiki, nyingi zikitoka Kanda ya Ziwa, hatukuwa hata tumeoana. Lakini hofu ile haikutoka kichwani mwake, na alipopata mtoto ikarudi upya.

"Sasa baba watoto," nikamwuliza, "huyu mtoto tunamkinga na jua au tunamficha?"

Hakunijibu. Siku tatu tulikula chakula cha jioni kama wageni kwenye hoteli.

Aliyetutoa hapo ni fundi mwenyewe. Alisema kinachozuia mionzi si ule weusi, ni dawa iliyomo ndani ya karatasi. Karatasi nzuri inazuia hadi asilimia 99 hata kama ni nyeupe kabisa, na nyeusi ya bei poa inaweza isizuie cha maana, halafu baada ya muda inageuka rangi ya zambarau. Kwa hiyo uliza maandishi ya kiwango cha kuzuia mionzi, usiangalie weusi peke yake. Uliza na trafiki wa kwenu kinachoruhusiwa kabla hujalipa. Tukachukua 50. Usiku barabarani kuna ng'ombe, kuna baiskeli zisizo na taa, sioni mtu anafanyaje na namba 5.

Haya, gari limetoka kwa fundi. Karatasi inabandikwa kwa ndani, juu ya maji yenye sabuni, kisha maji yanakamuliwa. Hayaishi yote. Yanayobaki yanakauka taratibu kupitia kwenye karatasi yenyewe, na mpaka yakauke gundi haijashika sawasawa. Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kutoshusha kioo. Mafundi wengine wanasema siku tatu, wengine tano. Wa kwetu alisema wiki nzima, na mimi nawashauri mumsikilize huyo wa wiki. Bandika selotepu juu ya vitufe vya kushushia vioo, hasa ukiwa na watoto. Joto ni kali, sikudanganyi, sisi wiki ile tulitembea asubuhi na jioni tu.

Siku ya tatu mama mkwe akaja kutoka Ilongero. Akamkuta mjukuu wake ndani ya gari anasubiri kwenda shule, akagonga kioo, mtoto akahangaika na kitufe, kioo hakishuki.

"Mwanangu, mmemfungia mjukuu wangu kama kuku kwenye tenga?"

"Shikamoo mama. Kioo hakishushwi, lakini mlango unafunguka."

Nikamfungulia, akaingia, akakaa kule nyuma na mjukuu wake. Kimya kidogo. Akatazama nje, akatazama jirani yetu aliyekuwa anampungia mtoto mkono. "Kumbe anaonekana," akasema. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale na funguo mkononi, akacheka, na kwa kweli ugomvi wa namba 5 uliishia hapo. Kwa trafiki ni hivyo hivyo, simama pembeni, fungua mlango, salimia, mweleze. Wengi ni waelewa.

Jambo la pili litakalokutisha ni mapovu. Siku za mwanzo utaona kioo kina ukungu, kina vijishimo vya maji kama malengelenge. Utapata washauri mia, wa kwanza atakuwa na sindano mkononi. Mwambie akae nayo. Maji yale yanaondoka yenyewe, na jua na upepo mkavu wa Singida ndio wanaomaliza kazi, kwetu ziliisha kama wiki mbili. Aliye Dar au Tanga, kwenye unyevu, au aliyeweka wakati wa masika, asubiri hata mwezi. Ukiona povu lina kijipunje kigumu katikati, hilo ni vumbi na halitaondoka. Rudi kwa fundi. Ukingo ukibanduka pia usiuvute kwa kucha, rudi kwa fundi.

Kwa ndani usioshe chochote siku 30. Baada ya hapo tumia kitambaa laini, maji, na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, basi. Zile dawa za kupuliza za kung'arishia vioo, nyingi zina amonia, na amonia inakula tinti. Steelwire isikaribie. Na gazeti la zamani, ambalo mama zetu wote walitufundisha kung'arishia vioo vya nyumba, kwenye tinti linakwaruza (sisi wa magazeti tumekosa kazi nyingine hapo). Kioo cha nyuma chenye vile vijistari vya kupashia joto, futa kwa kufuata mistari, usiikate. Stika za katuni mtoto abandike kwenye daftari lake.

Lakini adui mkubwa huku kwetu ni vumbi. Linajaa kwenye mpira kioo kinapozamia mlangoni, na kila ukishusha na kupandisha, zile punje zinafanya kazi ya msasa. Usifute vumbi kavu kwa kitambaa. Nunua brashi ndogo ya rangi, mpya, pitisha kwenye mpira wote, kisha mwagia kioo maji kwa nje ndipo ufute. Vijana wa kuosha magari waambie kabla hawajaanza, maana brashi zao ngumu na sabuni ya unga wanapitisha popote, hata ndani.

Kwetu ni kazi ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, jua likishapoa. Baba anaosha nje, mimi nafuta ndani, binti ana brashi yake ya rangi na anapiga kelele ukimgusia. Losheni anapakwa kama kawaida na kofia iko kichwani hata ndani ya gari, maana kioo kikishushwa, tinti nayo imeshuka.