ANAYEKIMBIA SI LAZIMA AWE MWIZI

Miezi mitatu sasa kila usiku najifungia na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Washikaji wananicheka eti mwanasheria gani anasoma mafumbo! Kweli bwana, humo hamna hata kifungu kimoja cha sheria. Tangu Agosti 2024 sehemu za kupima hoja zenye kuhesabiwa alama zimekuwa mbili, kila moja dakika 35, maswali kama 25 hivi.

Sasa utamu uko hapa. Chukua hii: "Kila mwizi akionekana hukimbia. Yule kijana anakimbia. Kwa hiyo ni mwizi." Ukisoma harakaharaka unaona sawa. Wapi! Sentensi ya kwanza imetaja wezi, haikutaja wote wanaokimbia. Kinachotoka pale ni kimoja tu: aliyeonekana asikimbie, huyo si mwizi.

Usidhani haya ni ya kwenye mtihani tu. Mtaani kwetu dogo mmoja alikuwa akilikimbilia daladala, jamaa akapaza sauti, "Mwiziii!" Kufumba na kufumbua, watu na mawe mkononi. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua, kwa swali moja tu: "Kaiba nini, na kamwibia nani?"

Kimya. Mawe yakashuka moja moja.

Mama yule LSAT haijui, lakini swali lake ndilo ninalolifanyia mazoezi kila usiku. Nawe msomaji, ukisikia kelele mtaani, uliza kwanza. Jiwe likisharushwa halirudi.