Tulimlaumu Bibi Harusi, Kumbe Viroboto



Leo tuna kisa cha paka, lakini ndani yake mna deni letu kwa wifi yetu. Tumeandika kwa ruhusa yake.

Kaka yetu alioa Mfungo Mosi. Bibi harusi akaingia kwetu na sanduku lake la udi, liwa na singo. Hazikupita wiki tatu, Kipusa, paka wa Mama, akaanza kujikuna usiku kucha. Shingoni vigaga, karibu na mkia manyoya yakanyonyoka, tumbo akalilamba mpaka likawa jekundu.

Tukaulizana: kipya ndani ya nyumba ni nini? Udi. Hatukumwambia usoni. Tulisemea jikoni, kwa sauti tuliyojua itamfikia. Kesho yake hatukusikia harufu chumbani kwake. Chetezo amekitia chini ya kitanda, naye bibi harusi wa wiki tatu!

Wiki mbili bila udi, Kipusa bado anajikuna. Tukahamia kwenye samaki, tukamnyima siku nne, tukasema si samaki. Jirani akaleta mafuta ya karafuu tumpake. Wifi ndiye aliyetuzuia: "Dada zangu, tumuulize daktari kwanza."

Alhamdulillah tulimsikiliza. Daktari wa mifugo alituambia mafuta ya karafuu ni sumu kwa paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuyavunja, na akishapakwa atayalamba tu. Kisha akachukua kichana cha meno membamba, akamchana Kipusa karibu na mkia, akadondosha chembe nyeusi juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Pamba ikaingia wekundu. "Hiki ni kinyesi cha kiroboto," akasema. "Huo wekundu ni damu."

Tuliona haya, tukajitetea: nyumba yetu inafagiliwa asubuhi na jioni, na kiroboto hatujamwona hata mmoja! Akatueleza kwamba paka mwenye aleji ya mate ya kiroboto huumwa na wachache tu akateseka, na kwa kujilamba sana huwameza, ndiyo maana huwaoni. Na chakula, kama kingeshukiwa, hakipimwi kwa siku nne. Paka hulishwa nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, bila kitu kingine, kiasi cha wiki nane.

Basi viroboto wametoka wapi? Akauliza kama tumetoa vitu stoo. Tukanyamaza. Magodoro ya zamani tuliyowatandikia wageni wa harusi! Kiroboto mchanga hukaa ndani ya kifuko chake miezi kadhaa, akingoja joto na mtikisiko. Sisi ndio tuliowaamsha, na Kipusa akalalia magodoro yale yale.

Tulitibu hivi: dawa ya matone ya paka nyuma ya shingo kila mwezi, kwa uzito wake, matandiko yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, tukafagia chini ya vitanda na kwenye pembe. Dawa ya mbwa msiiguse, nyengine zina permethrin, na hiyo humuua paka. Baada ya miezi miwili manyoya yalianza kurudi.

Lakini siku ile ile tuliyotoka kwa daktari, kabla ya kugusa godoro, tuliingia chumbani kwa wifi tukamwomba radhi. Alilia, nasi tukalia. Sote tumeisoma Suratul Hujurat inayokataza dhana, na tunajua Mtume (s.a.w.) alimhurumia paka. Tulimhurumia paka, tukamsahau mtoto wa watu.

Mawifi wenzetu, kikiharibika kitu nyumbani, msianze kumtazama aliyeingia mwisho. Na bibi harusi, usifiche chetezo chako.

Jioni ile tulikitoa wenyewe chini ya kitanda, tukakitia makaa. Allah atupe nyoyo safi. Amin.