Bega Si Bawaba

Msomaji, simama kidogo. Teremsha mkono wa kulia, kiganja kikigusa paja. Unyanyue mbele hadi usawa wa bega, upeleke pembeni, kisha ushushe ubavuni, bila kuusokota popote. Kiganja hakigusi tena paja, kinatazama mbele. Mkono umegeuka nyuzi 90, na wewe hukuugeuza! Daktari mpasuaji wa Boston, Ernest Codman, alieleza kioja cha namna hii katika kitabu chake juu ya bega, mwaka 1934.

Mimi nilikithamini kioja hiki mama yangu alipoumia bega. Mtaalamu wa viungo alimpima kwa chombo chenye mikono miwili kama bikari, akaandika kila alipokwenda: nyuzi 80, kisha 110, kisha 140. Sisi watoto tulifurahi. Lakini mama hakuweza kufunga kilemba kisogoni wala kujisugua mgongo. "Mwanangu," akaniambia, "namba zimepona, mimi bado."

Faili halikusema uongo. Chombo kile hupima vizuri mwendo wa upande mmoja, kama wa mlango kwenye bawaba. Bega lina mizunguko ya namna tatu: kuinua mkono mbele, kuuinua pembeni, na kuusokota kwa urefu wake. Kilemba chaidai yote kwa pamoja. Tena mizunguko haijumlishwi kama shilingi. Kumi na ishirini ni thelathini, uanze na ipi. Bali ukibadili utaratibu wa mizunguko, mkono huishia kwingine.

Ndiyo maana wataalamu walilazimika kupatana. Mwaka 1983 Grood na Suntay walipendekeza kwa goti mhimili mmoja uliofungwa kwenye paja, mwingine kwenye muundi, na wa tatu unaokatana na hiyo miwili kwa pembe mraba. Mwaka 2005 Chama cha Kimataifa cha Biomekanika kilitoa mapendekezo ya bega, kikitaja hata utaratibu wa mizunguko. Na bado kamera za maabara zina mipaka, maana alama hubandikwa kwenye ngozi, nayo ngozi huteleza juu ya mfupa.

Tulimweleza mtaalamu habari ya kilemba. Akamwambia mama apeleke mkono mgongoni, akaandika kidole gumba kimefikia pingili ipi ya uti wa mgongo. Tangu hapo mazoezi yakabadilika. Namba ni shahidi mwema, lakini hujibu lile tu iliyoulizwa. Na la kuuliza, mara nyingi, analijua mwenye bega.