Farasi Aliyeogopa Mikono

Juma hili ninawapeleka mahali ambapo wengi wetu hatujafika hata kama tumezaliwa hapa hapa Lubumbashi: kwenye zizi la farasi. Kutoka Katuba nilipanda bisi mbili, halafu nikatembea kwa miguu kama dakika 20 katika njia ya udongo mwekundu. Wakati wa kipwa vumbi lake linaingia mpaka ndani ya viatu. Mwisho wa njia kuna ukuta mrefu, mikaratusi, na mlango wa chuma. Ukipita mlango unakutana na harufu ambayo watoto wetu wa mjini hawaijui: majani makavu, mbolea na jasho la nyama mkubwa.

Mara ya kwanza nilifika mwezi wa sita, tukiwa na wanafunzi wa darasa la tano katika matembezi ya mwisho wa mwaka. Watoto waliuliza swali zuri: kwa nini vijijini kwetu hakuna farasi? Jibu si bei peke yake. Katika sehemu nyingi za Congo kuna mbung'o, yule inzi anayewapa watu ugonjwa wa usingizi. Ng'ombe na farasi nao huwapa ugonjwa wa jamaa hiyo, na farasi hudhoofika mpaka kufa. Ndiyo sababu watu wa nchi zingine walisafiri na kulima kwa farasi, lakini wazee wetu walibeba mizigo kichwani. Lubumbashi iko juu, zaidi ya meta 1200, na kipwa chetu kina baridi. Hapa farasi anaweza kuishi, akitunzwa vizuri.

Ndani ya lupango hiyo kuna vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kila farasi na chumba chake. Farasi mmoja ana kilo kama 450, na kwa siku anakunywa maji yanayojaza ndoo mbili kubwa au zaidi. Mbele ya vyumba kuna uwanja wa mchanga, na pembeni uwanja mdogo wa duara uliozungushiwa miti. Mtu anayewatunza ni mzee mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini. Watoto wote wanamwita Papa Farasi, nami nitamwita hivyo. Alianza akiwa kijana wa kusafisha mazizi, na kazi yote aliijifunza hapo kwa macho na mikono.

Siku hiyo watoto waliwashika farasi wote isipokuwa mmoja. Katika ule uwanja wa duara alisimama jike wa rangi ya kahawia, jina lake Bijou. Tulipokaribia alikimbilia upande wa mbali akageuza mgongo, masikio yamelala nyuma, ngozi inatetemeka. Papa Farasi aliturudisha. Alituambia kwamba Bijou ameletwa kwa lori kutoka mbali, na huko alikotoka alikuwa anafungwa kamba na kupigwa kila alipokataa kitu. Sasa akiona mkono unapanda, anafikiri fimbo inakuja.

Shida haikuwa woga tu. Kwato za farasi ni kama kucha zetu. Zinaendelea kukua siku zote, na kila majuma 6 mpaka 8 lazima zikatwe na kusawazishwa. Bijou alikuwa amepita miezi bila mtu kumshika mguu. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka na moja ilianza kupasuka. Dawa ya kumlewesha ingesaidia siku moja, lakini kwato zinakua maisha yote. Farasi asiyetoa mguu atalemaa, na hakuna mtu anayemnunua. Mwenye farasi alikuwa amesema neno lake: akifika mwisho wa kipwa bila kukubali, daktari wa nyama ataitwa, naye atamaliza maumivu yake.

Neno hilo sikuweza kuliacha kule. Wakati wa likizo nilirudi siku za posho tano, nikakaa kwenye benchi nje ya miti, nikatazama.

Posho ya kwanza Papa Farasi aliingia na ndoo tupu, akaigeuza chini juu, akaikalia katikati ya uwanja. Hakuwa na kamba wala chakula. Hakumwita Bijou, hata hakumwangalia usoni. Nusu saa ilipita. Bijou alisimama mbali, kisha sikio moja likageuka, kisha kichwa, akamwangalia yule mzee bila kukimbia. Hapo hapo Papa Farasi akasimama, akachukua ndoo yake, akatoka.

Mimi nilishangaa. Nikamwuliza: «Papa, mbona unatoka sasa, wakati ameanza kukuangalia?»

Akanijibu: «Madamu, ameniangalia bila kukimbia. Kwake hiyo ni kazi kubwa, basi ninamlipa. Kwa leo malipo anayotaka ni mimi kwenda mbali.»

Wamama, nilifikiri juu ya jibu hilo njia nzima ya kurudi. Sisi tukitaka kumtoa mtu woga, tunasogea karibu zaidi na kusema zaidi. Yeye alisogea, akangoja, halafu akarudi nyuma. Farasi hujifunza hasa wakati ule unaporudi nyuma. Ukirudi wakati anapiga mateke, anajifunza kwamba mateke yanasaidia. Ukirudi wakati ametulia, anajifunza kwamba kutulia kunasaidia. Kazi yote iko katika kuchagua dakika.

Ili kuchagua dakika lazima ujue kumsoma. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini haoni vizuri kitu kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake, wala kilicho nyuma kabisa ya mkia. Kwa asili ni nyama anayewindwa, basi anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Akiogopa, anainua kichwa, shingo inakuwa ngumu, pumzi inasimama. Woga ukipungua anashusha kichwa, analamba midomo na kutafuna hewa. Papa Farasi alikuwa anasogea hatua mbili, anasimama kabla Bijou hajavunjika, anangoja ulimi, kisha anarudi hatua moja. Posho ya pili aligusa bega lake kwa mgongo wa mkono, muda wa kuhesabu tatu, akauondoa mwenyewe kabla hajaombwa.

Kamba ilikuwa jambo gumu zaidi. Aliitundika tu kwenye mti karibu na majani ya Bijou, akaiacha pale juma zima. Nyama alikula akiwa na kamba karibu na pua. Baadaye kamba ikapita juu ya bega na kuondoka, ikapita tena na kuondoka.

Kisha ikaja posho ya tatu. Jirani mmoja alikuwa anashusha mabati kutoka kwenye gari, yakaanguka yote kwa kishindo. Bijou aliruka, akazunguka uwanja kama mwenye wazimu, akagonga mti kwa kifua. Ilipotulia, hakuruhusu mtu kuwa karibu hata hatua kumi. Mimi nilihesabu majuma yaliyobaki mpaka mvua, moyo ukaanguka. Papa Farasi hakugomba wala hakusema kwamba kazi imepotea. Alichukua ndoo, akaigeuza, akakaa.

Posho ya nne kazi ilikwenda mbio kuliko mwanzo, kwa sababu njia Bijou alikuwa ameipita mara moja. Farasi anakumbuka sana mabaya. Ni kweli, lakini anakumbuka pia mahali alipotulia.

Hekima hii si mpya. Mgiriki mmoja, Xenophon, aliyekuwa askari, aliandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Alishauri mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Tena alisema farasi akiogopa kitu, wewe mwenyewe ukiguse kwanza, kisha umlete polepole. Ukimpiga unamwongezea woga, kwa sababu atafikiri kile kitu ndicho kilichomletea maumivu. Papa Farasi hajasoma kitabu hicho. Nilipomweleza, alicheka kidogo akasema huyo askari lazima aliwahi kupigwa teke.

Posho ya tano ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane, na mkata kwato alikuwa tayari amefika na visu vyake. Mwenye farasi alisimama nje, mikono kifuani. Papa Farasi alianza begani, mkono ukashuka polepole mpaka gotini, ukaondoka. Ukashuka tena mpaka chini ya goti, ukaondoka. Hivyo mara nyingi, mpaka sisi tuliokaa tulichoka. Mwishoni alibonyeza kidogo nyuma ya mguu, na Bijou akauinua mwenyewe. Aliushika muda wa pumzi mbili, akaurudisha chini taratibu kabla Bijou hajauvuta. Mara ya nne alimpa mkata kwato nafasi. Kwato moja tu ilikatwa siku ile, ile iliyopasuka. Mkata kwato alitaka kuendelea, kwa kuwa alikuwa amelipa nauli. Papa Farasi akakataa: «Leo inatosha. Rudi kesho kutwa.» Mwenye farasi alikaa kimya, kisha akatoa mfukoni nauli ya safari ya pili. Jina la daktari halikutajwa tena.

Mwezi wa tisa masomo yakaanza. Darasani kwangu kuna mtoto wa kike aliyetoka shule nyingine. Nikimwita ubaoni anatetemeka magoti. Mama yake alinieleza kwamba kule alikuwa anapigwa mbele ya wenzake kila akikosa hesabu. Mtoto si farasi, wamama. Ana maneno, tunaweza kumwuliza, na yeye anaweza kutuambia. Lakini woga wake nao hautoki kwa kuvutwa. Kwanza nilimwachia chaki juu ya meza yake, ashinde nayo. Kisha aliandika ubaoni wakati wa mapumziko, wenzake wako nje, na mimi ninapanga vitabu bila kumtazama. Juma lililopita aliinuka mwenyewe, akaandika 7 × 8 = 56 mbele ya darasa zima, akarudi haraka kwenye kiti. Nilitamani sana kumwambia abaki afanye hesabu ya pili. Nilimwacha akae.

Katika vikundi vyetu kuna watoto waliokimbia vita, wengine waliopigwa nyumbani, wengine walioona kifo cha mzazi. Tunasema ni wakaidi, ni wagumu, hawasikii. Katika mkutano ujao ninaomba kila mama alete jambo moja ambalo mtoto wake anaogopa, na alama anazoona kabla woga haujampata: mabega, pumzi, macho. Tujifunze kusoma kwanza, halafu ndipo tuongee juu ya kufundisha.

Na mkitaka kuwapeleka watoto kwenye zizi, nendeni asubuhi, mbele ya jua kali. Waambieni wasipite nyuma ya farasi, na wazungumze kabla ya kukaribia ili asishtuke. Wasimguse usoni kwanza, waanze begani. Wakimpa karoti, waiweke juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole pamoja, kwa sababu farasi haoni kilicho chini ya mdomo wake na anaweza kuuma kidole bila kutaka. Akirudi nyuma, wasimfuate. Bijou yuko chumba cha mwisho upande wa mikaratusi. Anakuja mlangoni mwenyewe, mkikaa kimya.