Mkuyu wa Ukutani

Alfajiri alikuwa Angkor Wat pamoja na mamia ya wageni, akilisubiri jua lichomoze nyuma ya minara mitano. Picha alipiga, moyo haukutikisika. Uzuri uliokwisha kuonekana mara elfu kwenye kadi za posta huwachelewa wanaoufuata.

Saa mbili na nusu asubuhi kijana huyo wa Lamu alishuka kwenye kigari kinachokokotwa na pikipiki, shanta mgongoni, akaingia Ta Prohm. Hapo ndipo alipotaka kufika. Usiku uliotangulia kaka yake alikuwa amempigia simu: “Mdogo wangu, mkuyu umeupasua ukuta wa ndani. Fundi ataka tuukate kabla ya masika, dada yako hasikii. Wewe wasemaje?” Hakuwa na la kusema.

Mti wenyewe mama yao aliuona ungali na majani mawili, umechipua ufani mwa ukuta wa matumbawe, akakataza using'olewe. Mama sasa hayupo. Mti upo, na kivuli chake kimeujaa ua.

Ta Prohm nayo ilijengwa kwa ajili ya mama. Mfalme Jayavarman wa Saba aliiweka wakfu mwaka 1186, na sanamu kuu iliyosimamishwa ndani ilikuwa na sura ya mzazi wake. Miaka 5 baadaye akamjengea baba yake Preah Khan. Maandishi ya jiwe la wakfu yanataja watu 12,640 waliokaa humo, wakiwamo wachezaji 615. Kisha watu wakaondoka, msitu ukarudi. Wafaransa walipoanza kuyafufua magofu ya Angkor, hili waliliacha makusudi katika hali ya kumezwa na miti.

Kijana alizunguka kutwa. Mawe ya huko yamepangwa makavu, bila chokaa, jiwe juu ya jiwe. Ndege hudondosha mbegu ya mtini juu ya paa. Mzizi hushuka ukitafuta udongo, hupenya kila ufa, hunenepa, na jiwe husogea. Mahali pamoja mizizi ilikuwa imeukumbatia mlango kama vidole vya mtu mzima juu ya bakuli. Ukiutoa mti, ukuta unaanguka. Ukiuacha, unaanguka polepole. Kwingine palikuwa na nguzo za chuma zilizotegemeza kuta, na kisiki cha mti uliokatwa, mizizi yake ingali kati ya mawe.

Alikaa mbele ya kisiki hicho muda mrefu kuliko mbele ya sanamu yoyote. Wageni walipita, wakatazama alichokitazama, wakaona kisiki, wakaenda zao.

Saa kumi na moja jioni, Lamu ikiwa saa saba mchana, alipiga simu.

“Salaam aleikum, kaka. Ukuta huo ndio uliobeba boriti za chumba cha watoto?”

“Ndio huo.”

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtoto akiitisha maji, na majani yakipigwa na kusi.

“Basi ukateni. Lakini mizizi msiing'oe kwa nguvu; fundi aitoe kidogo kidogo, kila anapotoa ajaze chokaa. Na dada msimwambie nyinyi. Nitamwambia mimi.”