Mzabibu wa Miyuji

Zabibu za Dodoma nimezila tangu utoto, lakini Dodoma yenyewe nilikuwa sijaikanyaga. Aliyenifikisha ni shangazi yangu anayeishi Miyuji. Mzabibu alioukuta kwenye nyumba aliyonunua ulikuwa umepanda juu ya bati, umelikumbatia tangi la maji, na sasa ulikuwa unaunyemelea mwembe wa jirani. Zabibu zilizaa huko juu, zikaliwa na ndege. "Si wewe ndiye mtu wa bustani?" aliniuliza kwenye simu. Bustani yangu ya Dar es Salaam ni matembele na mlimao mmoja, lakini shangazi akiita, unakwenda.

Nilipanda treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa reli ya zamani watu walilala njiani. Siku hizi hata hamu ya kula haijakuja vizuri mmeshafika. Morogoro tuliipita ikiwa kijani chini ya milima ya Uluguru. Kule Kilosa treni ikaingia kwenye mahandaki, na kila ilipotoka nchi ilizidi kukauka, hadi baada ya Gulwe ikabaki miiba, mibuyu na udongo mwekundu. Ilikuwa Mei, mvua zimeaga. Mkoa huu hupata milimita 600 za mvua kwa mwaka, au pungufu, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mimi mtu wa pwani nilijiuliza ni tunda gani linaloona raha hapa.

Shangazi alikuwa amemwita na mzee wa jirani, Mgogo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema "mbukwenyi" ili nisipite mtaani kama mgeni kabisa. Nikamwonyesha mkasi wangu mpya wa kupogolea. Hakuutazama. Alimgeukia shangazi: "Mama, unataka kula zabibu lini?"

"Hata kesho, mzee wangu."

"Ukikata leo, utakula Septemba. Ukitaka za Krismasi, tuuache hadi Agosti, na maji ya kumwagilia uyatafute wewe."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi niliyoitiwa. Mimi nilidhani tunakwenda kufyeka. Ulaya baridi huupukutisha mzabibu majani, ukalala, na joto likirudi ukachipua. Mkulima wa kule hufuata ratiba aliyoikuta. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Usipoguswa, unaendelea tu kurefuka, ukichipua zaidi kwenye ncha, na matunda yanazidi kuhama mbali na shina. Mkasi ndio unaoyaamsha macho yaliyolala. Ndiyo maana wakulima wa huku huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka: hukata, huhesabu miezi minne hivi, huvuna. Wanaokata baada ya masika hupata vichala vinavyoivia juani. Wanaovuna Februari na Machi hupambana na mvua na ukungu, na mimi sioni kwa nini mtu mwenye mzabibu mmoja wa uani ajitafutie vita hiyo.

Shangazi alichagua Septemba.

Mzee alifuta mkasi kwa spiriti, akaanza na vilivyokauka. Kisha akanifundisha kusoma mti. Tawi kuukuu lina gome linalobanduka kwa magamba. Halizai, linabeba tu. Tawi changa la kijani halijakomaa. Linalotafutwa ni la msimu uliopita, lililokwisha kuwa la kahawia, laini, nene kama penseli. Hilo hukatwa yakabaki macho mawili au matatu, kwa sababu chipukizi litakalotoka kwenye macho hayo ndilo litakaloning'iniza vichala. Tatizo la mzabibu wetu ni kwamba matawi ya namna hiyo yalikuwa juu ya bati, na karibu na shina palikuwa na machache mno. Aliyatunza hayo machache kwa wivu. Vigogo vilivyobaki tulivikata kwa msumeno, tukavishusha vipande vipande, kwani vimikono vyake vilikuwa vimejisokota kwenye waya wa dishi.

Jioni kilibaki kishina na vijiti, na kila jeraha lilidondosha maji. Shangazi alishika kichwa. "Mmeniulia!" Mzee alicheka: hayo ni maji yanayopandishwa na mizizi, yatakoma yenyewe. Ila alimwambia bila kumung'unya kwamba Septemba hii asitarajie ndoo za zabibu. Mavuno ya kwanza yatakuwa haba, maana mti uliopuuzwa lazima kwanza uote matawi mapya karibu na shina. Machipukizi yakijaa, ayapunguze, mengine ayaelekeze kwenye kichanja. Majani tuliyoyakata, mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuyamaliza.

Matawi yaliyofaa kwa kupanda mzee aliyafunga mafungu kwa kamba ya mkonge, ndiyo ujira alioutaka. Nikamwomba fungu moja la kwenda nalo Dar es Salaam. Akaniuliza kwetu hewa ikoje. Nikamwambia mvuke mwaka mzima, hata nguo hazikauki. Akalirudisha fungu kwapani.

"Ukungu utakula kila kitu. Nyinyi mna minazi, mwanangu. Zabibu njoo ule huku."