Kabla Hujagusa Bisibisi

Mpwa wangu Hamisi,

Ujumbe wako nimeusoma. Bastola ni mpya, hata mwezi haujaisha tangu uitoe dukani, na tayari triga inasumbua: mara nzito, mara inagoma katikati, mara hairudi mbele. Kisha umeongeza kwamba una rafiki mwenye bisibisi na video za mtandaoni. Nakujibu leo leo kwa sababu ya huyo rafiki.

Kabla ya lolote, itoe risasi. Fungua silinda, sukuma fimbo ya kutolea maganda, kagua matundu yote sita kwa macho na kwa kidole, kisha risasi zenyewe zikalale chumba kingine kabisa. Ikitokea imegoma na risasi zimo ndani na silinda haifunguki, hapo hakuna cha kuchunguza. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kikae nje ya triga, usilazimishe kitu, umwite fundi mwenye leseni aifuate hapo ilipo.

Sasa tuzungumze kazi. Katika bastola ambayo Samuel Colt aliipatia hataza Marekani mwaka 1836, dole gumba ndilo lililobeba mzigo: unainua nyundo, silinda inazunguka, na triga inabakiwa na jukumu moja la kuiachia nyundo ishuke. Yako inakwenda pia kwa kidole kimoja. Ukivuta triga, kwa mvuto huohuo unainua nyundo, unasukuma kijino kinachozungusha silinda, na kufuli dogo la chini linashuka, kisha linapanda kuikamata silinda mbele ya mtutu; ndipo nyundo inaanguka. Ukiachia, springi inairudisha triga mbele. Kwa hiyo silinda ikikwaruza popote, utaisikia kidoleni na utasema triga ni mbovu. Mara nyingi triga haina kosa, inakuletea tu malalamiko ya wengine.

Na uzito peke yake si ugonjwa. Bastola ya silinda kutoka kiwandani huhitaji nguvu ya kilo tano hivi ukiivuta moja kwa moja, na kilo moja na nusu au mbili nyundo ikiwa imeshainuliwa. Wewe umetoka kwenye bastola ya magazini, lazima uone tofauti. Ninachotaka kujua ni kama uzito ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, au kuna mahali panakwaruza.

Chukua penseli, weka alama ndogo kwenye silinda kando ya kila tundu. Tia risasi bandia za mazoezi, vuta polepole sana, zungusha duru kadhaa. Ikigoma kwenye tundu lilelile kila mara, tazama nyota ya nyuma inayotoa maganda. Iinue uone chini yake. Chembe moja ya baruti isiyoungua ikikaa hapo, nyota haiketi sawasawa, na silinda nzima inabana. Mswaki mkavu unatosha. Kama pamesafishwa na bado ni tundu hilohilo, huenda jino lake halikuchongwa vizuri, na hilo ni la kiwanda.

Ikigoma kote, shika ile fimbo ya kutolea maganda uone kama imelegea. Ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani: inajifungua kidogokidogo, inarefuka, inaanza kusugua inapofungiwa, hata silinda inakuwa ngumu kufunguka. Iache fundi aikaze, maana kwenye bastola nyingine hesi zake zinakwenda kinyume, na ukibana kwa koleo utaipinda.

Inagoma ukiwa uwanja wa shabaha tu, nyumbani iko laini? Basi tazama risasi. Fataki iliyochomoza kidogo nyuma ya ganda inasugua bamba la nyuma. Tazama pia uwazi kati ya silinda na mtutu. Kwa kawaida ni milimita 0.1 hadi 0.2, hivyo masizi kidogo yanatosha kuubana. Na siku ukivuta ikalia "ka" bila mlipuko, usifungue silinda papo hapo. Subiri angalau nusu dakika, mtutu ukielekea kwenye shabaha. Risasi nyingine huchelewa.

Kuhusu kutorudi mbele, niwie radhi, nakishuku kidole chako. Bastola ya magazini imekuzoesha kuachia triga kidogo na kuvuta tena. Hii inataka uiachie mpaka mwisho kabisa. Ukiikatiza njiani, inabana au inaruka tundu. Ukiiachia yote na bado inabaki nyuma, hapo kuna springi au grisi iliyoganda ndani.

Huko ndani ndiko rafiki yako anakotaka kwenda. Mkatalie. Lile bamba la ubavuni likichokonolewa na bisibisi haliketi tena kama zamani. Na wale wanaolegeza springi ili triga iwe laini, nyundo yao hukosa nguvu ya kuigonga fataki ikawaka. Utakuwa na triga tamu isiyofyatua. Mafuta nayo ni tone moja. Yakizidi huingia kwenye risasi na kuziua.

Kitu kipya kina dhamana, na dhamana hufa mtu asiyehusika akikifungua. Zaidi ya hapo tuna sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na mimi sitaki kukufuata kituoni kwa ajili ya skrubu. Peleka duka lililokuuzia, na leseni yako mkononi, pamoja na karatasi uliyoandika: tundu gani, baada ya nini, ikiwa tupu au na risasi. Fundi akipewa maelezo ya namna hiyo hakuzungushi.

Niandikie ukishamaliza kuweka alama, kabla hujaenda. Mama yako mwambie mbegu za mchicha nimezipata, zinakuja na basi la Ijumaa.

Mjomba wako,
Rashidi